Roli ya Hoover: siku saba kutoka Tabora hadi Ujiji

Siku ya kwanza, Jumamosi. Tabora

Leo nimefungasha. Mashine ya kufyonza vumbi imelala juu ya meza dukani kwangu, tumbo wazi, na kando yake nimeweka kijiti cha mwanzi nilichokikata jana usiku. Urefu wa kijiti ni sawasawa na nafasi iliyo wazi kwenye mdomo wa mashine, pale roli ya brashi, ile silinda inayofagia zulia, inapotakiwa kuzunguka. Roli haipo. Ndiyo sababu ya safari yote hii.

Ni Hoover Junior, vakyumu ya kusimama, ile yenye mfuko wa kitambaa unaoning'inia kwenye mpini. Niliiona mnadani wiki mbili zilizopita, imelazwa kati ya pasi za mkaa na feni zilizokatika mapanga. Nilimpa muuzaji Sh 15,000 bila kubishana, mikono ikinitetemeka. Kibao chake bado kinasomeka: Hoover Limited, Perivale. Perivale iko magharibi ya London, na kile kiwanda cheupe kilifunguliwa 1933. Jengo lipo mpaka leo, ila sasa ndani yake kuna makazi ya watu. Chuma hiki kimetoka huko, kikavuka bahari, kikaletwa na treni mpaka huku bara, na baada ya miaka yote hiyo nimekikuta juu ya turubai.

Hii ni ya kumi na mbili. Nakusanya vakyumu za zamani zilizo nyepesi, zile ambazo mtu mmoja anainua kwa mkono mmoja. Nazibeba mwenyewe kwenye bodaboda, kwa hiyo uzito nauhesabu. Lakini ipo sababu nyingine. Mama yangu alifagia nyumba za wageni miaka ishirini na sita. Alifagia kwa chelewa, ameinama, kiangazi cha Tabora kikiwa kimekaza na vumbi likipanda mpaka kwenye chandarua. Usiku alikohoa mpaka tukaamka sote. Siku niliposoma habari za James Murray Spangler niliweka simu chini nikakaa kimya. Alikuwa msafishaji wa duka kubwa mjini Canton, jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa na pumu, na fagio lilikuwa linamzidishia. Akachukua mota ya feni, mpini wa fagio na foronya, akaunda mashine ya kufyonza vumbi na kulitia ndani ya foronya. Hataza yake ilitoka 1908, kisha haki akamuuzia William Hoover, mtengenezaji wa bidhaa za ngozi. Jina lililoenea duniani ni la mnunuzi. Aliyeiwaza ni mfagiaji mwenye pumu, na mimi tangu siku ile kila nikiiona mashine ya namna hii namwona mama.

Mchana nimemwaga mfuko juu ya gazeti. Vumbi la ndani lilikuwa limeshikana kama sufi, la kijivu, nyuzi za zulia la mtu aliyekwisha kuondoka zamani. Nikalichambua kwa kibano: kifungo cha shati, kipande cha njiti ya kiberiti, na senti tano ya Afrika Mashariki, ile yenye tundu katikati, ya 1956. Nikarudi kuiangalia feni. Kwenye Junior vumbi lote hupita kwenye mapanga ya feni kabla ya kuingia mfukoni, na kweli panga moja limemeguka kidogo kwenye ncha. Senti ilipita hapo. Mtu alisikia kishindo, akazima, akainama kuangalia, kisha akaendelea na kazi. Nilikaa na ile senti kiganjani muda mrefu.

Mota ilikuwa tayari tangu juzi. Kwanza nilikata kapasita. Kwa yeyote anayezipata mashine hizi za Uingereza: ile kapasita ya karatasi iliyowekwa kuzuia mikwaruzo kwenye redio huzeeka, na ikipigwa umeme hupasuka na kujaza chumba moshi. Mota haiihitaji ili izunguke. Kaboni, vile vipande vinavyopitisha umeme kwenda sehemu inayozunguka ya mota, zilikuwa zimeliwa mpaka kubaki kama punje za mahindi. Nikachukua kaboni za grainda, nikazichonga kwa tupa na msasa mpaka zikaingia bila kukwama. Kisha nikaunga balbu ya wati 100 kwenye njia moja ya waya, ili kama kuna shoti iwake balbu badala ya kuungua mota. Balbu ikawaka hafifu, mota ikaguna, ikaanza kuzunguka polepole. Nikaondoa balbu. Sauti ikapanda, ikapanda, na gazeti lote likanyanyuka mezani.

Kwa hiyo kilichobaki ni roli na mkanda wa kuizungusha. Shemeji yangu wa Urambo ananiambia kule kuna vyombo vya Wazungu wa karanga. Fundi mwenzangu wa Kigoma naye amesema yuko mzee Ujiji ana "kitu kama hicho, amekifunga kwenye gunia". Nakwenda kote kuwili, na mashine naibeba.

Siku ya pili, Jumapili. Urambo

Konda ameiangalia ilivyofungwa kwenye shuka, mpini umechomoza, akauliza kama ni bomba la kupulizia tumbaku. Nilimweleza. Akanisaidia kuipakata ndani badala ya kuitupa kwenye buti, na namshukuru kwa hilo.

Urambo nimeifuata kwa sababu ya historia. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wao mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, kwanza Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Wakaja mafundi, madereva wa matrekta, makarani, na wengine na familia zao. Mwaka 1951 ukafutwa, karanga haikutoka kama walivyopanga, wakaondoka. Ardhi iliyosafishwa ikaja kulimwa tumbaku, na hata leo ukishuka stendi ni tumbaku inayozungumzwa. Watu wanaohama kwa haraka hawabebi vyombo vyao vyote.

Shemeji alinipitisha nyumba tatu. Ya kwanza ilikuwa na cherehani ya mkono, nzuri, lakini si shughuli yangu. Ya pili jokofu la mafuta ya taa, mlango umetumika kufunikia pipa la maji. Ya tatu ilikuwa ya bibi mmoja, alikuwa anawachotea kuku pumba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kigoda hicho hapo."

Sikuweza hata kukaa. Alichokuwa anachotea pumba kilikuwa mdomo wa vakyumu, ule mpana wa zulia, mweusi tii. Nikaomba kukishika. Nikausugua kwa dole gumba kwa nguvu mpaka ukapata joto, nikaunusa: harufu kama dawa ya kusafishia wodi. Hiyo ndiyo bakelaiti, moja ya plastiki za mwanzo, aliyoibuni Leo Baekeland 1907. Plastiki ya siku hizi ukiisugua hainuki hivyo. Lakini shingo yake ilikuwa ya bomba, yaani ni wa mashine ya kulala chini inayovutwa kwa mpira, si wa Junior. Roli hakuna.

Bibi alisema marehemu mumewe aliuokota kambini akiwa kijana, na hakuna kati yao aliyewahi kujua ni wa nini. Nilipomweleza, aliutazama tena, akauweka magotini. "Kumbe ulikuwa na mashine yake," akasema. Sikumwomba auuze. Jioni ndiye aliyemtuma mjukuu wake auletee kwa shemeji, umeoshwa kwa sabuni, pamoja na michembe kwenye mfuko. Nikarudisha na sukari kilo mbili na kopo la kuchotea.

Siku ya tatu, Jumatatu. Njiani

Urambo, Kaliua, Nguruka, Malagarasi, Uvinza, Kigoma. Basi siku nzima. Pale Daraja la Kikwete abiria wote walisogea madirishani kuangalia maji. Kijiti kiko mfukoni, nakigusagusa kama funguo. Nimelala Mwanga, gesti ya karibu na soko, na mashine nimeilaza kitandani upande wa ukutani.

Siku ya nne, Jumanne. Kigoma, Mwanga

Vyombo vya mtumba vinafika Kigoma kwa njia ambazo Tabora hazipo. Vingine vinapanda kutoka Dar es Salaam kama kwingine kote. Lakini vipo pia vinavyoshuka kutoka Kasulu na Kibondo, wageni wa mashirika yanayohudumia wakimbizi wanapomaliza mikataba na kuuza vitu vya ndani kwa siku mbili. Na vipo vya nyumba za wamisionari, ambao huishi miaka mingi na kuleta vitu vyao kwa kontena. Ndiyo maana hapa unaweza kukuta kiti cha Kideni kimepandana na mashine ya kubanikia mikate ya Kimarekani.

Nimezunguka maduka manne. La nne lilikuwa la kijana mmoja mpole, limejaa mpaka darini. Nyuma ya magodoro nikaona mpini mwembamba, mota ndogo imekaa chini karibu na mdomo, umbo la fagio lenye tumbo. Nikajua kabla ya kuisogelea. Regina Electrikbroom.

Sikutarajia kuiona kwa macho yangu. Huko Marekani hizi ni za kuokota kwenye maduka ya hisani, yale ambayo watu hupeleka vyombo wasivyovihitaji na vikauzwa kwa dola chache. Kampuni ya Regina ya Rahway, New Jersey, ilianza kwa kutengeneza masanduku ya muziki, yale yenye sahani za chuma zenye vitobo, na baadaye ikaingia kwenye mashine za kusafishia sakafu. Electrikbroom haina roli wala mkanda. Ni mota, feni na pa kuwekea vumbi, basi. Ni fagio kweli: unaichukua ukutani kwa mkono mmoja, unapitisha, unarudisha. Kwa nyumba ya sakafu ya saruji na zulia moja katikati kama zetu, sijui mashine inayofaa zaidi.

"Dada, hiyo haifanyi kazi," kijana akanionya mapema. Nikapenda uaminifu wake. Nikaigeuza kutafuta kibao: volti 115. Nikainusa kwenye matundu ya hewa. Harufu ya vanishi iliyoungua, ile ambayo fundi yeyote wa mota anaifahamu kama anavyofahamu harufu ya ugali kuungua.

"Ilikuja na transfoma?"

"Ilikuja nayo. Kubwa, nzito. Ile iliuzwa siku ya kwanza tu, alichukua mtu wa redio."

Basi ndiyo habari nzima. Mota hizi za kaboni hazijali kama umeme unapigapiga mara 50 au 60 kwa sekunde, hata umeme wa betri zingekubali. Zinachojali ni volti. Mashine iliyosukwa kwa volti 115 ukiichomeka kwenye 230 zetu, inapigwa mara mbili, na joto ndani ya nyaya linapanda karibu mara nne. Itanguruma kama ndege kwa nusu dakika, mnunuzi atafurahi kwamba ina nguvu, kisha moshi. Imenichoma moyo. Transfoma na mashine yake ni kitu kimoja. Anayeviachanisha ameua kimoja, na ni heri hata kuandika kwa maka pen kwenye mpini, "115 tu", ili anayekuja nyuma ajue.

Nimeinunua Sh 8,000. Kijana akaniuliza nitafanyia nini kitu kilichoungua. Nikamwonyesha pale pale kwa bisibisi yake: skrubu tatu, mota imetoka mkononi nzima. Amecha, ile sehemu iliyosukwa nyaya inayozunguka ndani ya mota, imeungua ndiyo, lakini shafti imenyooka, beringi zinateleza, feni haina hata mkwaruzo. Amecha inasukwa upya. Na ukimpata msukaji mwenye subira, unamwambia aongeze mizunguko na kutumia waya mwembamba zaidi, hapo inakuwa mashine ya volti 230 na transfoma haina tena kazi. Kijana akachuchumaa kando yangu akaangalia mpaka mwisho. Akasema Kigoma mota nyingi ziliungua enzi za jenereta, kabla ya gridi ya Taifa kufika, umeme ukirudi kwa kishindo usiku. Alikuwa anazitupa. Ameahidi kuniwekea zinazokuja.

Siku ya tano, Jumatano. Ujiji

Daladala kutoka mjini mpaka Ujiji si safari. Miembe mikubwa, baraza za udongo, watoto wa madrasa na kanzu zao. Wageni wanaokuja huku hushuka kwenda kuona mahali Stanley alipokutana na Livingstone 1871. Mimi nilimpigia mwenzangu, akanipeleka nyumba ya pili kutoka barabarani.

Mzee alikuwa barazani. Ana miaka themanini na kitu, mgongo umenyooka, fulana nyeupe iliyopigwa pasi. Nilimpigia magoti nikamwamkia, akauliza habari za Tabora, za mvua, za wazazi wangu, na mimi nikajibu moja moja. Kahawa ikaletwa. Mashine yangu ilikuwa bado ndani ya shuka pembeni ya mlango. Sikutaka kuanza nayo. Lakini upepo wa ziwa ukafunua upande mmoja, mfuko ukaonekana, na mzee akaacha kikombe hewani.

"Hiyo ni huva."

Aliitamka hivyo, huva, kama mtu anayetaja jina la jirani wa zamani.

Aliingia kazi ya nyumbani mwaka 1959 akiwa na umri wa miaka kumi na sita, kwa Mzungu mmoja wa Reli na Bandari za Afrika Mashariki aliyeshughulika na meli za ziwani. Nyumba ilikuwa juu mlimani, sebule ina zulia ukuta kwa ukuta. Wiki ya kwanza alifagia kwa brashi ya mkono, amepiga magoti, kutwa nzima. Wiki ya pili memsabu akamfungulia kabati, akamwonyesha huva. "Nilimaliza kabla ya saa nne," akasema. "Nikafikiri nimekosea kitu, nikarudia tena." Baada ya uhuru bwana alipoondoka, alimwachia baiskeli, sufuria nne na hiyo mashine. Nyumba yake mwenyewe Ujiji haikuwa na umeme wakati huo. Akaifunga kwenye gunia, akaiweka juu ya dari. Baiskeli iliisha, sufuria ziliisha.

Sikuiona leo. Alisema anangoja mwanawe wa kiume atoke ziwani ili aishushe, dari ni la zamani. Nilikula nao migebuka na ugali wa muhogo, nikarudi Mwanga. Kijiti nimekiacha kwake. Aliniomba akipime mwenyewe usiku.

Siku ya sita, Alhamisi. Ujiji

Amenikuta mlangoni na kijiti mkononi. "Ni hiyo hiyo," akasema. "Haikuzidi wala haikupungua."

Gunia lilikuwa limefunguliwa juu ya mkeka. Junior, ya zamani kidogo kuliko yangu, rangi imefifia kwenye mpini pale mkono ulipokuwa unakaa. Waya wake wa ndani ni mwekundu na mweusi, rangi za Uingereza za zamani, kabla hazijabadilishwa kuwa kahawia na bluu. Mpira wa waya ulivunjika kama biskuti nilipougusa. Mota ilikuwa imekufa. Beringi zimeshikana kwa kutu, panya wamekula nyaya za amecha, na komyuteta, ile silinda ya vipande vya shaba ambayo kaboni hukwangua, imevimba na vipande viwili vimenyanyuka. Nilimwambia mzee ukweli. Akaitikia kwa kichwa.

Lakini roli. Nilifungua bamba la chini, nikaitoa. Ilikuwa inazunguka kwenye ncha zake kwa kidole. Brashi zimeliwa na wadudu upande mmoja, upande wa pili zimesimama, na zile fito zake za chuma zinazopiga zulia ziko safi. Kampuni ilikuwa na msemo wake wa biashara kwamba mashine yao inapiga huku ikifagia na kusafisha, na hizo fito ndizo zinazopiga: zinalitikisa zulia mpaka mchanga wa chini upande juu, kisha hewa inauchukua. Bila roli, Junior ni feni inayopuliza tu.

Ikaingia kwenye mashine yangu kama imezaliwa hapo.

Kwa ajili ya mkanda nilikuja na tyubu mbili kuukuu. Nikakata pete kwenye tyubu ya baiskeli kwanza. Ilikuwa ndogo, ikakaza mno, mota ikanguruma bila kuzunguka na nikazima haraka. Tyubu ya pikipiki ndiyo yenyewe. Pete ya upana wa kidole kimoja, ikatwe kwa mkasi mkali mara moja bila kurudia, maana penye mkato wa ngazi ndipo itakapochanikia. Nikaivisha kwenye shafti, nikaipinda, nikaivuta mpaka kwenye roli, nikafunga bamba. Nyumba ya mzee sasa ina umeme na sebuleni kuna zulia jekundu. Binti yake akasogeza meza. Nikawasha.

Ilinguruma vizuri. Brashi ikazunguka. Nikasukuma, na nikahisi inanirudia, kama mtu anayesukuma mlango kutoka upande wa pili. Nikadhani ni zulia, nikabonyeza kwa nguvu. Mzee alikuwa mlangoni, akanyanyua mkono.

"Zima, mwanangu. Umeupinda upande mbaya. Huva inakuvuta, haikusukumi."

Nimefanya kazi ya mota miaka kumi na tisa. Shafti ya mota na roli havielekei upande mmoja, kwa hiyo mkanda lazima ujipinde robo kati yao, na ukiupinda kinyume roli inazunguka kinyume. Haya nayajua. Lakini nimeyajua mezani, kwa macho. Mzee ameyajua kwa kiwiko, amesimama hatua nne kutoka kwangu, kwa kuangalia bega langu tu. Nikafungua. Alichuchumaa, akachukua mkanda mwenyewe, akaupinda kwa vidole viwili bila kuangalia, akauvisha.

Kisha hakunirudishia mpini. Aliwasha kwa mguu, akangoja sauti ipande mpaka juu, ndipo akaanza. Alikwenda kwa mistari iliyonyooka, kila mstari ukipanda kidogo juu ya ule uliopita. Alipofika kwenye nyuzi za pembeni za zulia, aliubonyeza mpini chini kidogo ili mdomo unyanyuke, akapita bila kuzimeza. Alipofika kwenye waya, aliuhamisha bega bila kusimama. Hakuna aliyesema kitu. Binti yake alikuwa ameshika mdomo. Mfuko ulijaa hewa ukasimama nyuma yake kama tanga, na zulia lile jekundu likawa na mistari miwili ya rangi, iliyopitwa na isiyopitwa bado, mpaka isiyopitwa ikaisha.

Tulimwaga mfuko kwenye gazeti barazani. Mchanga wa ziwa, mweupe, kama vikombe viwili, kutoka kwenye zulia lililofagiwa asubuhi ile ile. Binti yake aliuchukua kwa vidole akauacha umwagike, akauchukua tena.

Nilikuja na Sh 60,000 ya kununulia roli. Nilipoitoa, mzee akaikunja ngumi yangu juu ya zile pesa. Roli haiuzi. Ningeweza kuomba, na nadhani angenipa bure, maana mgeni wa kutoka mbali hanyimwi. Nilikaa barazani na hilo kwa muda. Dukani kwangu mashine hii ingekaa rafu ya pili, kati ya Dustette mbili ndogo za mkononi, ningeiwasha mara moja kwa mwezi ili mota isilale, na wateja wangeishangaa wakisubiri pasi zao. Hapa ingefagia.

Nikamwambia ningependa kubadilishana: yangu ibaki, mimi nichukue ile yenye mota iliyokufa. Alinitazama sana. Akaniuliza kama nina uhakika, nikasema ninao, akaniuliza tena. Kisha akamwita mwanawe apigilie msumari nyuma ya mlango. Nimekata mikanda tisa kwenye ile tyubu ya pikipiki, nikaitundika hapo, na upande wa ndani wa mlango nimechora kwa chaki namna ya kuupinda. Mzee akasema hahitaji mchoro. Ni wa binti yake.

Senti tano ya 1956 nimeiacha kwake pia. Aliivalisha kwenye uzi wa funguo.

Siku ya saba, Ijumaa. Kwenye treni

Watu husema Kigoma mwisho wa reli, na reli ilifika hapa 1914, miaka miwili baada ya kufika Tabora. Kwangu leo ndiyo mwanzo wake. Nimepanda na gunia lenye Junior ya mzee, Regina iliyofungwa kwenye shuka, mdomo wa bakelaiti wa bibi wa Urambo, na dumu la mawese la kumpelekea mama. Mwenzangu wa kitanda cha chini ni mama anayepeleka dagaa Dodoma. Ameniuliza, nimemweleza, ameshika ile bakelaiti akaisugua akainusa mwenyewe.

Nimeanza kazi humu humu. Amecha ya Junior nimeitoa, na kwa mwanga wa dirishani nimehesabu mizunguko ya koili moja ambayo panya hawakuifikia, nikaandika nyuma ya tiketi. Koili zikiwa zimeliwa, hesabu hiyo ndiyo pekee ya kumpa msukaji. Beringi nitazipata kwa kipimo. Komyuteta ndiyo shida. Vipande vilivyonyanyuka vikigonga kaboni vitaivunja, kwa hiyo lazima ichongwe kwenye lathe, mashine ya kuchongea chuma, au nipate nyingine. Na roli tena sina. Nimekata kijiti kingine.

Tuliposimama Uvinza mtandao ulirudi, simu ikalia. Binti wa mzee. Baba yake amefagia mara mbili leo, asubuhi kwake na alasiri kwa jirani. Lakini wamekuta skrubu fupi chini ya mkeka barazani, hawajui ni ya wapi. Moyo ulinilipuka. Ni ya bamba la chini, upande wa kushoto, bila hiyo bamba litalegea na roli itaanza kugonga. Nikamwambia wasiwashe kwanza. Nikamsikia akiita, nikamsikia mzee akiuliza bisibisi iko wapi, mtoto akikimbia. Nikamweleza tundu lenyewe. Treni ikapiga honi. Nikamwomba asikate simu, nikaziba sikio la pili kwa kiganja, na kabla hatujapoteza mtandao nikaisikia ikiwashwa, sauti ikipanda mpaka juu.